Nyekundu ya Nyumbani

4 Juni, Jumanne

Leo tumeanza. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile ya baridi isiyo na haraka, na wifi yangu ameingia jikoni na makoti mawili mwilini na uso wa mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Akaketi kwenye kiti chake, mimi kwenye changu. Kiti cha katikati hatukukigusa, ingawa hakuna aliyesema tusikiguse.

Binti yangu ndiye aliyeninunulia daftari hili. Anasema niandike humu ili niache kumpigia simu kila nikikorofishana na shangazi yake. Haya, naandika.

Nyumba hii inatengeneza divai. Niseme ilikuwa inatengeneza. Baba watoto alipofariki, miaka miwili iliyopita, mimi na dada yake tuliuza zabibu mbichi mavuno mawili mfululizo. Zilipakiwa kwenye lori la ghala kubwa pamoja na za watu wengine, na mimi nikasimama getini nikiona ninamzika mume wangu mara ya pili na ya tatu. Mwaka huu nikasema basi. Wifi ndiye mwenye mikono ya kuchachusha, hilo siwezi kumnyima, na alikubali kwa sharti moja: ikitoka divai ya nyumba hii hasa, tunajaza chupa. Isipotoka, mwezi wa nane Bwana Tangi, yule mnunuzi wa ghala kubwa, anakuja na lori lake kunyonya kila tone, na wifi anahamia mjini kwa mwanawe, ambaye ameshamjengea chumba chenye dirisha linaloangalia bustani. Dirisha hilo nimelisikia mpaka najua rangi ya mapazia.

Wifi akiondoka nabaki peke yangu na mapipa matupu. Sijamwambia kwamba hilo linanitisha. Akijua atavimba kichwa.

5 Juni, Jumatano

Mvua. Tumeosha glasi tu.

8 Juni, Jumamosi

Tuna nyeupe mbili na nyekundu mbili, na majina yake ni ya humu ndani tu. Nyeupe ya kwanza ni Kali, inayokamua mashavu. Ya pili ni Nono, yenye harufu ya maua na uvivu mwingi. Nyekundu ya shamba la mawe ni Ngumu, ina ukakasi unaoshika ulimi na kugoma kuuachia. Ya bondeni ni Laini, tamu ya kunusa, haina uti wa mgongo. Hakuna hata moja inayojitosheleza. Kazi ni kuzikalisha pamoja mpaka pasiwe na inayoizidi nyingine sauti.

Sheria za meza ni zake marehemu. Tunaonja asubuhi kabla ya kitu chochote kuingia mdomoni. Hakuna kahawa, hakuna sabuni ya manukato, hakuna mafuta ya nywele. Mkate mkavu na maji basi. Mwaka fulani alimtoa nje daktari wetu kwa sababu ya mafuta ya ndevu. Daktari mwenyewe alikuja kumpima presha.

Leo tumeshika nyeupe. Wifi alimimina Kali kwenye chupa ya vipimo, akaongeza Nono kidogo kidogo, tukaonja, tukatema, tukabishana.

"Bado inauma," nikasema.

"Acha iume. Ukiilaza sana watu wataidhania juisi."

"Ongeza Nono kidogo."

"Kidogo kama cha nani? Chako ni ndoo."

Tukaongeza kijiko, halafu kijiko kingine, kisha wifi akarudisha Kali nusu kijiko kwa sababu alihisi imezidi kunenepa. Tukaonja tena. Ilikuwa imekaa. Ukali ulikuja kwanza, ukafuatwa na maua, na mwishoni mdomo ukabaki safi ukitaka tena. Wifi akaimeza badala ya kuitema, na huyu ni mwanamke aliyetema divai maisha yake yote.

"Tazama ilivyokuwa rahisi," nikasema.

"Nyeupe," akasema wifi. "Subiri tufike nyekundu."

13 Juni, Alhamisi

Ya nyeupe hatuna hata chupa moja ya zamani. Nyeupe yetu ilikuwa inanywewa mwaka uleule ikaisha. Lakini ya nyekundu kuna kreti moja, ile ya mwisho aliyoichanganya mwenyewe, nimeificha chini ya ngazi nyuma ya ndoo za kupakia rangi. Nimekuwa nikifungua moja kila mwaka siku ya kuadhimisha kifo chake, nakunywa peke yangu, nalia kidogo, nalala.

Leo nimetoa moja mezani ili iwe kipimo chetu. Wifi alishtuka.

"Ala! Kumbe zipo? Na mimi unaninyima miaka yote hii?"

"Ungezimaliza."

Hakukataa. Tukafungua. Jamani, harufu yake! Ilijaza jikoni lote, matunda yaliyokauka juani na mbao za kabati la zamani, na nikamwona baba watoto wazi kabisa, pale katikati, miwani ikiwa kwenye paji la uso, akizungusha glasi huku anatazama dirishani. Asubuhi ile aliyoichanganya alinipa glasi na kuniuliza, kama alivyoniuliza kila mwaka, "Unakunywa au hunywi?" Nikamwambia nakunywa. Akacheka, akanishika bega. Sauti yake ilikuwa ya upole. Huwa nasikia upole huo nikiosha vyombo.

Basi tukajaribu. Tulianza na Ngumu nyingi na Laini kiasi, pamoja na matone ya Kali, maana ndivyo alivyozoea, kutia nyeupe kidogo ndani ya nyekundu, na wageni walidhani anaichafua. Tukaweka yetu karibu na yake. Yake inateleza kama kitambaa kizuri. Yetu inakwaruza koo.

"Laini zaidi," nikasema.

17 Juni, Jumatatu

Laini zaidi.

18 Juni, Jumanne

Nina mafua. Sinusi chochote. Wifi anasema leo ndiyo siku ya kwanza hatujagombana, na huenda mafua yakawa dawa.

25 Juni, Jumanne

Chupa ya tatu ya marehemu imekwenda. Ikishafunguliwa haikai, siku ya pili ishabadilika, kwa hiyo kila jaribio linakula chupa. Najiona kama mtu anayekata shati la mumewe ili apate kiraka.

Leo wifi aliweka glasi chini kwa nguvu.

"Unaiua hii divai."

"Naisogeza karibu na ya kaka yako."

"Unaiua. Ulipoanza ilikuwa na meno. Sasa imebaki ufizi. Kunusa inanukia, kuonja haina habari."

"Wewe unataka ishindikane ili ukakae dirishani."

Akanikata jicho, sijawahi kukatwa jicho namna ile. Akavaa makoti yake yote mawili, akaenda kukaa kwenye chumba cha mapipa, na aliporudi alikuwa anaongea na paka tu.

1 Julai, Jumatatu

Paa linavuja juu ya pampu. Tumelifunika kwa turubai. Wifi alipanda ngazi, mimi nilishika ngazi na kutoa ushauri ambao haukuombwa.

3 Julai, Jumatano

Nimempigia binti yangu, nimevunja ahadi. Nikamweleza habari za baba yake na upole wa asubuhi ile. Akauliza, "Baba huyu huyu, Mama? Aliyemrushia fundi bomba spana?" Nikamwambia alikuwa mdogo, hakumbuki. Ana miaka arobaini na moja.

9 Julai, Jumanne

Wifi amekwenda mjini kuliona dirisha. Atarudi wikiendi. Nyumba imetulia mno, hata saa ya ukutani nimeichukia.

Leo asubuhi nilionja peke yangu. Nilichukua jaribio letu la mwisho, nikaongeza Laini, nikaongeza tena, nikafungua chupa ya nne kulinganisha. Na ikafika! Naapa ilifika. Niliweka glasi mbili, nikafumba macho, nikazizungusha mezani, nikanywa, na sikujua ipi yake ipi yangu. Niliketi kwenye kile kiti cha katikati, kwa mara ya kwanza, nikalia kwa furaha.

Halafu sikungoja. Niliogopa kwamba wifi akirudi ataanza tena na meno yake na ufizi wake. Nikawasha pampu. Nusu ya Ngumu yetu yote ikaenda kwenye tangi la kati, na Laini nyingi juu yake, karibu yote. Mabomba yaliruka, nikaloa hadi magotini, nikaimba. Nimechanganya nyekundu ya nyumbani, mimi, mwosha glasi wa miaka arobaini.

14 Julai, Jumapili

Wifi karudi. Nimempeleka moja kwa moja kwenye tangi, hata mkoba hajautua. Akachota, akanusa, akaonja, akatema. Akachota tena.

"Ni lini umefanya hivi?"

"Jumanne."

"Na leo umeionja?"

Sikuwa nimeionja. Nilitaka tuionje pamoja. Akanipa glasi.

Ilikuwa imelala. Ile harufu ya Jumanne, ambayo yote ilikuwa ya Laini, ilikuwa imepaa. Ilipita mdomoni ikaondoka bila kuaga, maji ya zabibu yenye rangi. Nikaonja mara tatu nikidhani ni mdomo wangu.

Wifi hakunisema, hata neno. Angenisema ningepumua. Amepanda juu kufungua mkoba wake, na kwa jinsi ninavyosikia sakafu, sijui kama anafungua au anafunga.

15 Julai, Jumatatu

Amempigia simu Bwana Tangi. Nimemsikia akisema, "Njoo tarehe tisa mwezi wa nane, uone kilichopo."

16 Julai, Jumanne

Mvua ya mawe. Kila mtu alikula chumbani kwake.

22 Julai, Jumatatu

Niandike yote.

Ilibaki chupa moja ya marehemu. Asubuhi niliishusha mezani na glasi zangu. Nilitaka kujaribu mara moja zaidi na Laini kidogo iliyobaki chini ya pipa. Wifi alikuwa amesimama kwenye sinki anakwangua sufuria. Akaniona na kile kizibuo mkononi, akaacha maji yanamwagika.

"Mke wa kaka," akasema, na haniiti hivyo ila tukiwa msibani, "kaka hakutengeneza hiyo divai."

Nikamwambia asinichezee.

"Hakutengeneza hiyo. Hiyo imekaa kwenye chupa miaka mitatu gizani chini ya ngazi yako. Aliyoitengeneza yeye ni ile ya asubuhi ile. Unaikumbuka ya asubuhi ile?"

"Naikumbuka. Alinipa glasi nikamwambia nakunywa. Akacheka."

Wifi akafunga maji. Akajifuta mikono pole pole, kama anayetafuta pa kuanzia.

"Uliitema," akasema. "Uliitema kwenye mkono wa shati lake. Ukamuuliza kama ametia misumari. Akakwambia hujui divai, kazi yako ni glasi. Ukamwambia na yeye kazi yake ni kununa. Akabeba godoro akalala chumba cha mapipa siku mbili, na mimi ndiye niliyempelekea chakula. Wifi yangu, mlikuwa mnarushiana maneno kupitia kwangu!"

Nikafungua mdomo nimwambie ni mwongo. Na hapo nikauona mkono wa shati. Shati jeupe la mistari, doa la zambarau kutoka kifundoni hadi kiwikoni, halikutoka hata kwa jiki, na mwishowe nililikata nikafanya matambara ya kufutia hizi hizi glasi. Niliona yote. Alivyokunja uso. Mlango wa chumba cha mapipa ulivyobamizwa. Nilivyopika supu nikasema sipeleki, akafie huko.

Hakunishika bega. Hakucheka. Huo upole niliokuwa nausikia nikiosha vyombo, nimeutia mimi. Kila mwaka nilikuwa nakunywa chupa moja, na kila mwaka divai imelainika zaidi, na mimi nikarudi nyuma nikamlainisha na yeye ili waendane.

Nikakaa. Wifi akakaa.

"Kaka alikuwa mgumu," akasema wifi. "Tangu mtoto. Mama alimpa jina la utani la ukaidi wake, wewe tukakuficha. Na mimi nilimpenda hivyo hivyo mgumu. Wewe umemremba mpaka mimi nikikusikia unasimulia simtambui. Nakaa hapa mezani nakusikia unamsifu mtu nisiyemjua, na kaka yangu mimi sina wa kuzungumza naye habari zake."

Hapo ndipo nilipovunjika. Nililia vibaya, kwa sauti, nimeinamia meza. Nilidhani mimi ndiye mfiwa humu ndani na yeye ni mgeni anayesubiri lori. Miaka miwili nimeshika kilio peke yangu nikamwachia yeye mapipa.

"Alikuwa anakera," nikasema kwenye meza.

"Sana."

"Alikuwa anahesabu mikate."

"Na anapumua kwa kelele akisoma gazeti."

"Alinifundisha kuendesha gari halafu akaniteremsha barabarani nitembee."

Wifi akaanza kucheka, na mimi nikacheka na makamasi yangu. Akaichukua ile chupa ya mwisho, akaifungua, akaimimina glasi mbili hadi juu, bila kipimo, na akakata mkate na kupaka siagi, akavunja sheria ya meza mbele ya macho yangu. Tuliimaliza yote. Ilikuwa nzuri mno, na kwa mara ya kwanza niliinywa kama divai tu iliyotunzwa vizuri. Tulimsema marehemu mpaka mchana, mabaya na mazuri, na sijawahi kumkosa kiasi hicho tangu alipoondoka. Nimemkosa yeye mwenyewe hasa, yule mwenye kisirani.

23 Julai, Jumanne

Kichwa kinaniuma. Wifi pia. Tumestahili.

24 Julai, Jumatano

Nimeamka nikiwaza ile nyeupe. Ilikaa siku ya kwanza. Hatukuwa na chupa yoyote ya kuilinganisha nayo, tulisikiliza kilichopo kwenye glasi tukaishia hapo. Nimemwambia wifi. Akasema alikuwa anangoja nilione, maana angeniambia yeye ningebisha. Kweli ningebisha.

30 Julai, Jumanne

Mezani tena. Hali ilivyo: tangi la kati lenye ule uzembe wangu, nusu ya Ngumu haijaguswa, na pipa moja la Kali. Laini imebaki mashapo tu, na afadhali.

Tulianza na glasi ya uzembe, tukaidondoshea Ngumu. Ikakaa wima kidogo. Tukaongeza. Ikapata mabega. Tukaongeza tena ikageuka ikawa ukuta, ulimi ukakwama kwenye kaakaa, tukarudi nyuma. Hapo ikawa na nguvu lakini nzito, imesimama tu mlangoni haiingii wala haitoki. Wifi akachota Kali kwa kijiko cha chai. Nyeupe ndani ya nyekundu. Rangi haikujali hata kidogo, ila mdomoni ikawa kama mtu amefungua madirisha. Harufu ikainuka, ukakasi ukapata njia ya kupita.

"Kijiko kingine?" nikauliza.

"Nusu."

Nusu ilizidi. Ikawa inachoma mwishoni. Tukaanza upya.

Inachosha kuonja bila kipimo pembeni. Kila mara natamani kumwuliza mtu, na hayupo, na inabidi niulize ulimi wangu.

5 Agosti, Jumatatu

Imekaa. Siandiki vipimo, wifi anavyo kichwani na mimi ninavyo kwangu, tukifa wote binti yangu atajijua.

Inakwaruza. Tena inakwaruza vizuri tu. Inaingia na meno yake, ila kila jino liko mahali pake. Utamu upo nyuma yake, unangoja. Uchachu umenyooka katikati. Hakuna kinachopungua na hakuna kinachozidi, ila vyote bado vina hasira. Wifi akanyanyua glasi, akanitazama juu ya miwani.

"Unakunywa au hunywi?"

Nikaionja tena ili nisiseme uongo.

"Leo siinywi," nikasema. "Lakini nitaitaka."

Mchana tumewasha pampu, wote wawili, yeye kwenye bomba na mimi kwenye swichi.

9 Agosti, Ijumaa

Bwana Tangi amekuja kama alivyoitwa, na chupa zake za sampuli kwenye kisanduku. Ni mtu mstaarabu, anajua kazi, sina sababu ya kumchukia zaidi ya lori lake. Akaonja nyeupe akatabasamu.

"Hii siigusi. Jazeni chupa kesho, itakwisha kabla ya mwaka mpya."

Akaonja nyekundu. Akakaa nayo mdomoni muda mrefu, akatema, akajifuta.

"Mama, mmeitengeneza sawasawa. Sitakudanganya. Lakini hamuwezi kumpa mtu anywe. Mimi ningeizamisha kwenye tangi langu kubwa, itulie leo leo. Mkiijaza hivi hakuna atakayeishukuru mwaka huu wala ujao."

"Mwaka gani basi?" wifi akauliza.

"Wa tatu. Labda wa nne."

Wifi akatazama mikono yake. Nilijua anachowaza. Makubaliano yalikuwa divai ya nyumba hii hasa. Imepatikana, lakini haina faida kwa mtu mwenye miaka yetu. Angesema chukua, ningefungua geti mwenyewe.

"Nitakupigia," akamwambia Bwana Tangi.

Tangu mnunuzi aondoke, wifi hajaongea hata na paka.

12 Agosti, Jumatatu

Amekuwa kwenye simu na mwanawe nyuma ya mlango uliofungwa. Nimepita mara tatu na ndoo tupu. Sijasikia kitu. Milango ya zamani ni mizito.

13 Agosti, Jumanne

Nimemwambia. Sikuweza kuendelea kunyamaza. Nilimkuta anakunja nguo nikasimama mlangoni nikasema, "Wifi, kabla hujaamua, ujue tu kwamba mimi nitakukosa. Sio mikono yako. Wewe." Nikageuka nikaondoka haraka maana nilihisi nitaharibu kwa kuongeza maneno.

14 Agosti, Jumatano

Saa mbili asubuhi nilisikia lori getini. Nilikuwa jikoni na viatu vya ndani. Nikashika ukingo wa sinki, nikajiambia usitoke, acha wainyonye waondoke, utatoka baadaye. Injini ikazimwa. Kisha nikasikia sauti ya chupa, chupa nyingi tupu zikigongana kwenye makreti.

Nikatoka na viatu hivyo hivyo kwenye tope. Lilikuwa lori la fundi chupa, yule anayezunguka na mashine yake ya kujazia. Wifi alikuwa tayari nje, amevaa aproni, anamfokea kuhusu mahali pa kuegesha.

"Umesimama hapo unatazama nini?" akaniambia. "Glasi hazijioshi!"

Tumejaza kutwa nzima. Nyeupe kwanza, halafu nyekundu. Sina nguvu ya kuandika zaidi.

15 Agosti, Alhamisi

Tumelaza nyekundu chini kwenye chumba cha mapipa, ukuta mzima, safu juu ya safu. Mvua imekatika, na huko nje mizabibu imeanza kutoa vile vichipukizi vya kijani hafifu. Mwanawe wifi amenuna. Ameuliza lile dirisha alifanyie nini, na wifi kamjibu apangishe chumba kwa mtu anayependa bustani.

Tulipomaliza safu ya mwisho tukaketi kwenye makreti matupu, migongo imekufa.

"Una miaka mingapi wewe?" akaniuliza.

"Sitini na nane. Na wewe una sabini na mbili, usijifiche."

Akahesabu kwa vidole, akaona alichokiona, akaguna. Na mimi nikahesabu. Tangu baba watoto aondoke sijapanga kitu kinachovuka wiki ijayo. Hata tiketi ya kwenda kwa binti yangu nakata siku ileile. Na leo nimelaza chupa ambazo hazifunguliki mpaka nitimize sabini na moja.

"Ukifa kabla yangu," wifi akasema, "nitazinywa zote peke yangu, na kaburini sikumwagii hata tone."

Nikamwambia asijisumbue kupanga hivyo, nitakuwepo.